Doa kwenye Kioo cha Babu

1

Fomu ya kukabidhi chombo ilikuwa na maswali saba, na Lwitiko alinisomea yote saba kwa sauti, kana kwamba yeye ndiye mwalimu na mimi ndimi mwanafunzi.

"Swali la tano, mwalimu. Je, chombo kinahifadhi kipimo chochote?"

"Hakihifadhi. Ukikizima tu, kimesahau kila kitu. Kama wewe na somo langu la Jumatatu asubuhi."

Alicheka, akagusa neno *Hapana*. Fomu ilikuwa kwenye karatasi ya mwanga, ile inayokunjwa na kutiwa mfukoni kama leso.

"La sita. Je, kuna anayepinga chombo kuharibiwa?"

"Mimi."

"Mwalimu, hapa hawakuulizi moyo wako. Wanauliza sababu ya kisheria."

"Basi andika hakuna," nikasema, na nikageuka kupanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

Lwitiko Kasyupa nilimfundisha umeme miaka miwili hapa chuoni, na katika miaka hiyo aliniunguzia fyuzi kumi na moja. Sasa alikuwa Ofisa wa Vipimo wa mkoa, na gari lake la mizigo lilikuwa limeegeshwa nje ya karakana yangu. Wiki nzima alikuwa akizunguka shule na vyuo vya Iringa kukusanya vyombo vya macho: mita za mshale, mizani za kuning'iniza, vipimajoto vya kioo. Sheria ya Vipimo inasema kipimo kinachohitaji jicho la mtu si kipimo, maana watu wawili wakitazama mshale mmoja wanaona vitu viwili. Kupima ni kazi ya mashine tunayoiita Mwamuzi. Unaweka kitu mezani, Mwamuzi anakigusa, anatangaza SAFI au BOVU, nawe unagandamiza kidole gumba kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja. Kuwepo.

Chombo cha mwisho cha macho kilichokuwa bado kinatumika hapa chuoni kilikuwa Babu. Babu ni oskiloskopu ya zamani, chombo cha kioo na waya kinachouchora umeme kwa mwanga, kizito kama nusu gunia la mahindi. Wanafunzi walimwita hivyo kwa sababu anachukua muda kuamka, na akiamka analalamika kidogo kwa mlio mwembamba.

"Gari linaondoka saa saba mchana," Lwitiko akasema kwa upole. "Nashuka stoo na wapakiaji, kuna mita za mshale kule za tangu enzi za mababu. Mpaka nirudi, kaa naye. Agana naye."

"Atuganile hajambo?"

Uso wake ukafunguka. "Hajambo, mwalimu, anakusalimia sana. Juzi kashinda mbio za darasa lao. Mama yake anapiga kelele pembeni apunguze mwendo, mtoto hasikii!" Akaniinulia kidole gumba, kama anavyofanya kila tukikutana. "Kidole chako kile."

Atuganile ni mtoto wake wa miaka tisa, na chini ya mfupa wa bega lake kuna kidundo. Sidhani kama kuna familia nchini isiyojua kidundo ni nini. Ni kitu kidogo kama kifungo cha koti, kinaukumbusha moyo mvivu kudunda. Cha Atuganile kilipita kwenye meza yangu kabla hakijaingia mwilini mwake. Mwamuzi alisema SAFI, nami nikagandamiza gumba. Lwitiko aliniletea ndoo ya mapichi, akanishukuru mpaka nikaona haya, maana sikuwa nimefanya lolote.

2

Nilivuta mapazia, nikabonyeza swichi, nikakaa kumsubiri Babu aamke.

Kwanza ilikuja harufu. Wasioijua siwezi kuwaeleza: vumbi lililopata joto, vanishi ya waya, na kitu kingine kama chuma kilicholala muda mrefu. Halafu ule mlio. Halafu, katikati ya giza, nukta moja ya kijani, ikanyooka taratibu ikawa mstari. Nina miaka sitini na mmoja, na mpaka leo mstari ule ukitokea nasogea mbele kama mtoto.

Mara ya kwanza kuuona nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa na oskiloskopu kumi na mbili, Babu akiwamo, msaada wa watu wa mbali ambao walikuwa wamezichoka, na mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Mdegela, mtu mfupi mwenye sauti ya mnada. Alituambia nyuma ya kile kioo kuna uzi uliochemka, unatema chembe za umeme ndogo kuliko neno dogo. Chembe zinaruka kwenye uwazi usio na hewa, umeme wa pembeni unazisukuma juu, chini, kulia, kushoto, na zinapogonga unga uliopakwa nyuma ya kioo, unga unawaka. "Hakuna mtu katikati," alisema. "Hakuna wa kukutafsiria. Umeme wenyewe unaandika, na wewe unasoma. Ukikosea kusoma, ujinga ni wako."

Alikuwa na desturi mbili, na asiyezifuata alitoka nje. Ya kwanza: chora kwanza. Kabla hujaunganisha waya, unachora kwenye daftari la miraba kile unachotegemea kukiona. Ukishachora ndipo unawasha. Unaona umekosea wapi, na huwezi kujidanganya kwamba ulijua. Ya pili: usiache nukta isimame. Mwanga ukikaa mahali pamoja bila kutembea, unauchoma ule unga, na doa halitoki tena mpaka dunia iishe.

Karakana ilikuwa baridi, baridi ile ya Iringa ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye kucha. Oskiloskopu za kale zinapata joto sana mgongoni. Kwa hiyo kila asubuhi tulipanga vitumbua vyetu juu yake, na ikifika saa nne vilikuwa vya moto kama vimetoka kikaangoni. Mwalimu Mdegela alijifanya haoni. Siku moja tulimkuta ameweka viazi vyake.

Na Niko. Siwezi kumtaja Babu bila kumtaja Niko. Nikodemu Mgovano alikuwa dawati moja nami, kijana mwembamba, mpiga mbinja. Alipewa kipaza sauti aone sauti yake kwenye kioo, wenzake wakasema "halo, halo", yeye akapiga mbinja, na kwenye kioo likatokea wimbi safi, laini, lisilo na kasoro. Alilichora kwenye daftari langu badala ya lake. Siku nyingine akaachiwa Babu afanye zoezi la nukta, na badala ya kutazama nukta akawa ananitazama mimi, ananipigia domo kuhusu sherehe ya binamu yake, mpaka tukasikia Mwalimu Mdegela akinguruma nyuma yetu. Nukta ilikuwa imesimama. Tulisafisha karakana wiki nzima kwa adhabu, wote wawili, ingawa mimi sikuwa nimegusa kitu. Wiki hiyo ndiyo iliyotufanya mke na mume.

Doa lenyewe bado lipo, kona ya juu kulia, la kahawia, dogo kama punje ya mtama. Niliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba ni uchafu wa kiwandani.

3

Sikuwa na mpango wa kupima kitu chochote. Nilitaka tu, kabla hawajamchukua Babu, niuone moyo wa Niko kwenye kioo kilichotukutanisha. Huo ni upumbavu wa mjane na siuombei radhi.

Niko, ambaye naye alikuwa na kidundo, alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na homa kali, akakataa kulala, akaenda kutengeneza spika za kanisani kwenye mvua, akarudi anatetemeka, na usiku huo moyo ukasimama. Kidundo chake kilirudishwa kwenye meza kupimwa kama sheria inavyotaka. Mwamuzi alisema SAFI. Mimi mwenyewe niligandamiza gumba. Wakanikabidhi kwenye bahasha ya kaki, na tangu siku hiyo kimekaa kwenye droo yangu kikiendelea kudunda bila mtu. Betri zake zinakaa miaka ishirini.

Matangani niliwaambia watu kwamba ni ukaidi wake. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Miaka mitatu nimemkasirikia marehemu, nikipika chakula cha mtu mmoja na kugombana naye kimoyomoyo: si nilikwambia ulale?

Nilitoa kidundo kwenye bahasha. Kilikuwa cha baridi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye daftari la miraba, nikachora kwanza. Kidundo cha toleo la nne, kama hiki cha Niko, kinatoa kilima kimoja cha umeme, kisha uwanda mrefu, kimya, moyo upumzike, kisha kilima kingine. Nilichora kilima, nikachora uwanda. Nikaunganisha waya mbili, nikageuza swichi za Babu kwa mazoea.

Na pale kwenye kioo kikatokea. Kilima, uwanda. Kilima, uwanda. Hakuna tofauti na mchoro wangu. Nilimwambia, "Habari za siku nyingi, Niko," na nikalia kidogo, kwa raha.

Kisha nikafanya jambo ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa yule aliyesoma karakana ile. Waya zilikuwa fupi, meza imejaa, nami nilitaka kumimina chai. Nikakiweka kidundo juu ya mgongo wa Babu, pale pale tulipokuwa tunaweka vitumbua.

Nilikunywa chai yote. Niliporudisha macho kwenye kioo, uwanda haukuwa uwanda tena. Katikati yake, mahali ambapo moyo unatakiwa kupumzika, palikuwa na kichuguu.

Kilikuwa kidogo. Kikaendelea kukua polepole, mpaka kikafika theluthi ya kilima chenyewe. Moyo unapigwa, unaanza kujikunja upumzike, na kabla haujamaliza unapigwa tena. Sihitaji kuwa daktari kujua maana yake. Moyo ukishtuliwa wakati ule hauanzi upya. Unatetemeka, halafu unanyamaza.

Nikajiambia, Yustina, umekosea kuunganisha. Nilibadili waya, kichuguu kikabaki. Nikageuza plagi, kikabaki. Nikakishusha kidundo nikakiweka kwenye sakafu ya saruji, nikahesabu dakika, na kichuguu kikazama taratibu mpaka uwanda ukarudi safi. Nikakirudisha juu ya Babu, nikaweka pembeni yake kimoja cha vipimajoto vya kioo alivyokusanya Lwitiko. Kwa nyuzi thelathini na saba, uwanda. Thelathini na nane, bado. Ilipofika thelathini na tisa na nusu, kikainuka.

Homa ya Niko usiku ule ilikuwa nyuzi arobaini.

4

Nilikibeba kikiwa bado cha moto mpaka kwenye meza ya Mwamuzi, hatua sita. Nilikifunga kwa kitambaa kisipoe. Mwamuzi aliamka mara moja, hana haja ya kupata joto. Akakigusa. Kwenye kioo chake kipana akachora kilima, uwanda, kilima, uwanda, mistari mizuri kama ya kitabuni.

SAFI, akasema.

Nilikimbia nacho kurudi kwa Babu, nikaunganisha. Kichuguu kilikuwepo, kinene, kinanitazama.

Hapo nikaelewa, na nilichokielewa si siri, kiko kwenye kitabu cha maelekezo ukurasa wa pili. Mwamuzi anasafisha. Amefundishwa kidundo kizuri kinafananaje, na chochote kidogo kisichofanana anakihesabu kelele, anakifuta, anakuonyesha kinachotakiwa kuwepo. Tulimsifu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya bodi ya chuo nikamsifu, nikasema sasa tunaweza kupima vidundo arobaini kwa siku badala ya vinne. Mwaka ule ndio niliofuta "chora kwanza" kwenye mtaala. Mwalimu Mdegela alikuwa hai bado. Alinipigia simu, hakugomba, aliniuliza tu, "Sasa wanalinganisha na nini?" Nikamwona mzee amepitwa na wakati.

Nilifungua orodha yangu. Vidundo vya toleo la nne vilivyopita chini ya gumba langu vilikuwa mia nne na kumi na viwili. Cha Niko kilikuwa namba mia na tatu. Cha Atuganile Kasyupa, namba mia na saba.

Nilifikiri kunyamaza. Nasema kweli yangu hapa kwa sababu hakuna faida ya kuandika haya halafu niseme uongo. Jumamosi ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu. Kibao cha maabara mpya nilikwisha kukiona kwa seremala, MAABARA YA YUSTINA CHENGULA, herufi zimechongwa zikapendeza. Saa saba Babu angeondoka, kioo chake kingepondwa, na hapangekuwa tena na chombo mkoa mzima cha kukiona kile kichuguu. Nisingekuwa nimedanganya mtu. Ningekuwa nimekaa kimya tu, na watu wangeendelea kufa kwa homa, mmoja huku, mmoja kule, na ndugu zao wangewalaumu marehemu kwa ukaidi.

Hilo la mwisho ndilo lililonivunja. Nilimwona mke wa mtu fulani, mahali fulani, anapika chakula cha mtu mmoja huku anagombana na aliyekufa.

Ila kusema nako kungehitaji ushahidi, na ushahidi sikuwa nao. Babu hahifadhi. Mchoro wangu wa mkono kisheria ni maoni. Picha leo hii hata mtoto wa chekechea anaitengeneza akiwa chooni, hakuna ofisi inayoipokea. Nilikaa mbele ya kioo nikitazama kilima na kichuguu vikiwaka na kuzimika, na macho yangu yakapanda yenyewe kona ya juu kulia, kwenye doa la Niko.

Lilikuwa na miaka arobaini na mbili, na halijatoka.

5

Lwitiko alirudi saa nne na nusu, vumbi la stoo mabegani. "Mwalimu, umekaa gizani hivi kama una kesi."

"Ninayo. Kaa."

Alinitazama usoni, akaacha utani, akakaa.

Nilimsukumia daftari la miraba na penseli. "Nichoree kidundo cha toleo la nne. Unachotegemea kukiona."

"Mwalimu, nina gari nje."

"Chora kwanza, Lwitiko."

Akachora. Mkono wake ulikuwa mzito lakini alichora sawasawa, kilima, uwanda, kilima. Kisha nikamgeuzia Babu. Alitazama kioo, akatazama mchoro wake, akatazama tena kioo. Aliweka kidole kwenye kile kichuguu bila kukigusa.

"Hii ni nini?"

Nilimweleza yote, kuanzia chai mpaka kipimajoto. Nilimweleza hatua sita za kwenda kwa Mwamuzi na neno alilosema. Sikumficha kwamba kidundo ni cha Niko. Nilipofika kwenye namba, nikajikaza kisabuni nikamalizia. "Namba mia na saba ni ya mtoto wako. Toleo hilo hilo. Gumba langu."

Lwitiko aliinua kipimajoto akakisoma. Babu alikuwa analia ule mlio wake mwembamba.

"Mwezi wa nne alikuwa na malaria," akasema hatimaye. "Homa ilifika thelathini na tisa. Tulimkanda maji ya baridi usiku kucha. Mama yake alisema, mshukuru Mungu ana kidundo."

"Ilibaki nusu nyuzi tu kichuguu kiinuke."

Akasimama ghafla, kiti kikaanguka. "Kwa nini unaniambia mimi? Unataka nifanye nini, mwalimu? Nikiandika kwamba nimeona kwa macho, nimevunja sheria ile ile ninayoisimamia! Watanicheka, halafu watanifukuza, na kidundo kitabaki kifuani kwa mwanangu! Hakuna daktari atakayekitoa bila karatasi. Karatasi inasema SAFI!"

"Inasema SAFI kwa sababu niliigandamizia gumba. Nigombeze, nastahili. Ila ugombe kwa haraka, maana nahitaji saa mbili kabla ya gari lako kuondoka. Chombo kinachohifadhi kipimo hakipondwi. Au nimesahau?"

Alinikodolea macho. Nilimwona ofisa ndani yake akiamka kupitia kwa baba. "Hakipondwi," akasema polepole. "Kinapelekwa Nyaraka makao makuu, kinakaguliwa na jopo, na kila jina lililotajwa linaitwa. Lakini mwalimu, Babu hahifadhi. Ulinijibu mwenyewe asubuhi."

Nilinyoosha mkono nikamwonyesha doa. "Hilo unalijua ni nini?"

"Uchafu wa kiwandani. Ulitufundisha hivyo."

"Niliwadanganya. Ni Niko huyo, akinipigia domo badala ya kutazama nukta."

Alikaribia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Kisha akaelewa, na nilifurahi kwamba kati ya wote niliowafundisha, aliyeelewa upesi ndiye yule wa fyuzi kumi na moja. "Utamchoma Babu."

"Mng'ao mpaka mwisho, saa mbili, mstari ule ule juu ya mstari ule ule. Hakuna anayeweza kutengeneza alama hiyo kwa ujanja, inataka umeme wenyewe upite."

"Hatafaa tena."

"Hatafaa kwa kazi nyingine yoyote."

"Na mwalimu, jopo likiita majina, la kwanza ni lako."

"Najua jina langu, Lwitiko."

Tulitazamana. Ningependa kusema kwamba sikuogopa. Nilishika swichi ya mng'ao, nikaiachia, nikaishika tena, na si kwa sababu ya jopo. Miaka yangu yote ya ualimu niliwafokea watu kwa kuigusa swichi ile bila adabu. Niliigeuza mpaka ikagota. Mstari wa kijani ukanenepa, ukawa mweupe, na karakana nzima ikapata rangi ya maji ya bwawa.

6

Tulikaa pale wawili, mimi na Lwitiko, kama waangalizi wa chungu jikoni. Kila mara kidundo kilipodunda, mwanga ulipita njia ile ile: ukapanda kilima, ukashuka, ukapanda kichuguu, ukashuka. Mara moja joto lilipungua, Lwitiko akavua koti lake zuri la kazi akafunika mgongo wa Babu.

Saa sita alitoka nje kumpigia mkewe. Nilimsikia kupitia dirishani. "Mpime joto. Sasa hivi, hata kama anacheza. Hapana, hajambo, nataka tu umpime. Akichemka hata kidogo mpeleke hospitali, usingoje, usimkande nyumbani. Nitakueleza nikija." Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nilimsogezea chai.

"Mzee Niko alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza baadaye.

"Mkaidi," nikasema. Kisha nikasema tena, maana neno lile lilikuwa limenigeukia mdomoni, "Mkaidi, lakini hakujiua. Nilimsingizia." Na nikajaribu kupiga mbinja yake, ile ya kwenye kipaza sauti. Ilitoka upepo mtupu. Lwitiko alicheka, na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko kile nilimwomba Niko msamaha, kwa sauti, mbele ya ofisa wa serikali.

Dakika kumi kabla ya saa saba nilizima. Mlio ulishuka ukapotea. Mwanga ulijikusanya katikati ukawa nukta, nukta ikafifia, na kwa mara ya kwanza Babu alipozimika kioo chake hakikubaki kitupu. Tulifungua mapazia. Palikuwa na mstari wa kahawia, kilima na kichuguu, wazi kiasi kwamba mtu angeufuata kwa ukucha. Juu yake, kona ya kulia, punje ya mtama.

Lwitiko alikunjua karatasi ya mwanga juu ya magoti yake. Akarudi swali la tano, akasafisha koo, akasoma kwa sauti kama asubuhi.

"Je, chombo kinahifadhi kipimo chochote?"

"Ndiyo."

"Jina la aliyepima?"

"Yustina Chengula."

"Na aliyekiidhinisha kifaa kilichopimwa?" Hapo alisita, kidole kikiwa hewani. Lile halikuwa swali la mzaha na wote tulilijua jibu. "Mwalimu, naweza kuliacha wazi kwanza."

"Usiliache. Yustina Chengula. Andika namba zote mia nne na kumi na mbili, uanze na ya mia na saba."

Aliandika. Kisha wapakiaji wakaingia, wakauliza mzigo huu unakwenda kwenye rundo la kupondwa au wapi. Lwitiko akawaambia wasimguse, akamfunga Babu kwa lile koti lake, akambeba mwenyewe mikononi mpaka kwenye kiti cha mbele cha gari, na akamfunga mkanda.